Kanzu Iliyoanikwa

Kabla ya alfajiri, bawaba za sanduku zililia. Bi Mwanatumu alimkuta mkwewe, Salha, ameuzika uso ndani ya kanzu ya marehemu mumewe. Eda ilikuwa imekwisha, na asubuhi hiyo Salha angerudi kwao.

"Mama, mbona hainukii tena?"

Bi Mwanatumu akakaa kando yake. "Niliianika juani jana. Nilitaka uende nayo ikiwa safi."

Salha, ambaye kazi yake ilikuwa kuchanganya manukato, alilia bila sauti. Kisha akaushika mkono wa mama mkwe wake.

"Usijilaumu. Ile asumini niliyompaka ni nyepesi, mama. Chembe zake hazishikani sana, zikipata joto zinaruka. Udi chembe zake ni nzito na zimeng'ang'aniana, hauondoki upesi. Nusa hapa kwenye kola."

Bi Mwanatumu alinusa, akafumba macho. Mwanawe alikuwapo, kidogo.

Salha aliikunja kanzu akamwekea mapajani. "Baki nayo wewe."

"Na wewe je, mwanangu?"

Salha alikuwa akijifunga buibui.

"Basi uje tena," alisema Bi Mwanatumu. "Uje kabla udi nao haujaondoka."