Alama Moja Kila Jumatatu

“Baba yangu alikuwa mpima ardhi,” Babu alimwambia mlinzi wa lango la maabara, “na babu yangu karani wa mahakama, aliyetunza majalada miaka thelathini bila kupoteza hata moja. Mzazi wa huyo alikuwa mhunzi, na hakuna aliyewahi kumrudishia jembe kwa ubovu.”

“Shikamoo, mzee. Mimi nimeomba kitambulisho tu.”

“Marahaba. Ndicho hicho.”

Mlinzi akafungua lango.

Mwalimu mkuu huyo mstaafu alikuja kushika zamu ya mjukuu wake, mtafiti wa matumbawe, aliyevunjika mguu. Chumba cha utafiti kilikuwa hatarini. Baada ya wiki kumi na mbili kamati ingefika. Isipoona dalili ya kiumbe kuzoea joto, tangi lingeondolewa na chumba kingegeuzwa stoo ya viti.

“Bahari inazidi kupata joto, Babu,” mjukuu alimweleza kwa simu, kutoka kitandani. “Tumbawe hulishwa na mwani mdogo sana unaoishi mwilini mwake, nao ndio unaolitia rangi. Likipata joto la ghafla humfukuza mpangaji huyo, likabaki jeupe, lina njaa. Tukilipandishia polepole, huenda likazoea. Basi kila Jumatatu uongeze alama moja. Ni swichi ya mviringo, yenye namba, iko—”

“Nimeiona.”

Ilikuwa ukutani, kimo cha uso wake, mahali panapostahili kitu cha maana.

“Hakikisha, Babu, maana—”

“Mke wangu,” alisema, kwa utani wa babu na mjukuu, “nimeongoza shule ya watoto mia nane. Swichi moja itanishinda?” Akakata simu.

Kila Jumatatu, saa mbili kamili, Babu aliingia na koti na tai, akazungusha alama moja, akaandika katika daftari alilolipigia mstari mwekundu pembeni. Kisha siku nzima alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, kana kwamba anakagua gwaride.

Wiki ya kwanza alitoa leso akajipangusa paji la uso. Wiki ya nne leso ilirudi mfukoni. Wiki ya saba alivaa kizibao ndani ya koti.

Matumbawe yalinawiri, rangi ya kahawia imekoza. Chini ya meza, mashine ya kupozea maji ya tangi ilinguruma mchana kutwa bila kupumzika, na Babu aliipenda kwa sababu hiyo.

Watu ndio waliomsikitisha. Mfagiaji alianza kuja na fulana, taulo shingoni. Alifagia nusu ya chumba akaketi sakafuni.

“Mzee, humu ndani si mchezo!”

“Umri wako mimi nilibeba matofali.”

Karani aliyeleta barua alizirusha kutoka mlangoni akatimua mbio. Wiki ya tisa, mshumaa uliokuwa juu ya kabati ulipinda ukapiga magoti. Babu aliuandika daftarini, chini ya kichwa: Utovu wa nidhamu.

Jioni moja, nyumbani, mjukuu alimkodolea macho. “Babu, mbona sweta? Wenzako tunajipepea.”

“Nyumba hii ina upepo mbaya. Matumbawe hayajambo.”

“Bado yana rangi? Alama ya tisa?”

“Yanapendeza kuliko bibi yako siku ya harusi.”

“Nitamwambia!” Mjukuu alicheka hadi machozi, akapiga gongo sakafuni kama ngoma.

Siku ya kamati mjukuu alichechemea mwenyewe hadi maabara. Mwenyekiti, mama wa kauli fupi, alipovuka kizingiti tu miwani ilijaa ukungu. Dakika ya pili alivua koti. Dakika ya tano wajumbe wawili walikuwa wameegemea ukuta, ndimi nje.

“Rangi ipo,” mwenyekiti alikiri, pua kwenye kioo cha tangi. “Jamani, ipo yote!”

Mjukuu alipiga kigelegele, gongo likamponyoka. Mfagiaji akashangilia kutoka sakafuni, kwa mkono mmoja.

“Sasa nipe joto la maji, niandike.”

Mjukuu akatumbukiza kipimajoto. Akakitazama. Akakikung’uta, akakitumbukiza tena.

“Ishirini na saba,” alinong’ona. “Kama siku ya kwanza.” Akageuka taratibu. “Babu, swichi ya tangi iko chini ya meza. Hiyo ya ukutani ni ya kupasha joto chumba.”

Mwenyekiti alitazama swichi ya ukutani, iliyofika kumi na mbili. Akayatazama matumbawe, yaliyokuwa yamestarehe. Kisha akamtazama Babu: koti, kizibao, sweta, tai, na paji la uso kavu kama karatasi. Kicheko kikamtoka kwa nguvu hadi akashika meza.

“Polepole, wiki kumi na mbili! Binti, njia yako inafanya kazi. Nakuongezea mwaka.” Akatia sahihi kwa mkono uliolowa. “Sasa fungueni mlango, tufe nje!”

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Babu alishtuka, akafunga kifungo cha juu kabisa cha koti.

“Vijana, nisikilizeni kwa makini, sitarudia,” alisema, meno yakigongana. “Mlango huo ufungwe mara moja. Mnataka kutuua kwa baridi?”