Mazabodi ya Mwalimu Paskazia

Prosesa ya kompyuta ilimponyoka fundi Nuruddin vidoleni, ikaangukia pembe katikati ya soketi ya mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote. Alipoinyanyua na kumulika kwa tochi ya simu, aliona pini zaidi ya kumi zimelala upande, kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe.

Alikuwa ametoka tu kubandua kifuniko cha plastiki kinachokinga soketi, huku akipiga soga, hata hajachungulia ndani. Mwalimu Paskazia alikuwa jikoni akimchemshia chai. Nuruddin alimsikia akipanga vikombe, na katika muda ule mfupi akaamua atakachosema.

"Mwalimu, mazabodi hii imekuja mbovu. Pini zimelala. Wamekuuzia hivi hivi."

Mwalimu Paskazia aliweka chai mezani, akainama, akatazama. Hakuuliza swali hata moja. Alisema tu kwamba basi itabidi irudishwe dukani. Jinsi alivyonyong'onyea, Nuruddin alishindwa kuimaliza ile chai.

Kompyuta hiyo mwalimu aliisubiri miaka miwili. Alikuwa akifundisha sekondari Kolandoto, na kila Jumamosi alirekodi ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana kucheza, ila video zake ziliganda kila alipojaribu kuzihariri kwenye laptop yake kuukuu. Alitaka mashine yenye nguvu, iundwe nyumbani kwake kipande kwa kipande.

Aliyemchagulia vipande ni Limi, muuzaji wa duka moja la kompyuta Shinyanga mjini. Alikaa naye saa nzima. Alimshauri aachane na mazabodi yenye soketi ya zamani, maana prosesa zake zimefika mwisho. Akichukua yenye soketi mpya, baada ya miaka minne au mitano atabadilisha prosesa tu, mazabodi itabaki ile ile. Alimwonya jambo moja. Kwenye soketi mpya pini ziko juu ya mazabodi, si chini ya prosesa, na ni nyembamba kama unywele.

Kesho yake baada ya ajali ile, Nuruddin na mwalimu waliirudisha mazabodi dukani. Mwenye duka, Mzee Abdulshakur, alimfahamu Nuruddin kama fundi wa siku nyingi, akamsikiliza hadi mwisho. Limi alijitetea kwa upole. Alisema alilifungua boksi mbele ya mwalimu, wakaangalia soketi pamoja, na pini zote zilikuwa zimesimama.

Mzee Abdulshakur alimgeukia mwalimu. Mwalimu alitazama sakafu, akajibu kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri vitu vidogo.

Nuruddin alishusha pumzi. Papo hapo akajichukia. Mama wa watu amemwamini fundi wake kuliko macho yake mwenyewe.

Walipewa mazabodi nyingine. Nuruddin aliifunga siku hiyo hiyo, kompyuta ikawaka mara ya kwanza tu, na ujira akakataa kuupokea. Wiki haikuisha, akasikia Limi hayupo tena dukani.

Ilipita miezi minne. Siku moja Nuruddin aliitwa Segese kutengeneza printa kwenye ofisi ya wanunuzi wa dhahabu. Mchana akaingia kwenye banda la mama lishe, katikati ya wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope. Aliyemletea ugali alikuwa Limi.

"Shikamoo, fundi."

Marahaba yake ilitoka kwa shida. Limi alikuwa na kovu bichi la kuungua kwenye mkono, na hakuonyesha kinyongo chochote. Aliuliza kama kompyuta ya mwalimu inafanya kazi vizuri, akafurahi kusikia kwamba inafanya. Kisha akaeleza, kama mtu anayesimulia habari za mwingine, kwamba alizunguka maduka ya Shinyanga na Kahama kuomba kazi, lakini kila alikofika walikuwa wameshasikia kwamba anawauzia watu vitu vibovu.

Alifuta meza, akasita.

"Siku hizi nawaza labda nilikosea mimi," alisema. "Labda zilikuwa zimelala, nami sikuona."

Nuruddin hakugusa ule ugali. Njia nzima ya kurudi Shinyanga aliyarudia maneno yale, na Jumamosi asubuhi akawasha pikipiki kwenda Kolandoto.

Alimkuta Mwalimu Paskazia mbele ya kompyuta. Kwenye kioo wachezaji walikuwa wakirusha vumbi, chatu akiwa amezungushwa shingoni mwa mmoja wao, na picha haikuganda hata kidogo. Alikaribishwa kiti, akakikataa. Aliongea akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisimulia jinsi prosesa ilivyomponyoka, jinsi alivyodanganya kwa kuogopa kuharibu jina lake mjini, na jinsi alivyomkuta Limi Segese akijishuku mwenyewe.

Alisema Jumatatu atakwenda kwa Mzee Abdulshakur kukiri kila kitu, na kisha Segese kumwomba Limi radhi. Mwalimu aliombwa jambo moja tu: amsamehe, maana alimwamini fundi naye fundi akamfanya ashiriki uongo bila kujua.

Mwalimu Paskazia aliisimamisha video. Aliilaza mikono yote miwili juu ya kibodi, bila kumtazama.

"Kaa chini, Nuruddin," alisema. "Siku moja kabla hujaja, nililifungua boksi peke yangu. Nilitaka niunde mwenyewe. Prosesa niliigeuza vibaya, nikaikandamiza. Nilipoona pini zimelala, nikarudishia kifuniko, ndipo nikakupigia simu."