Jina Alilolikubali Mtoto

"Mtoto kunyamaza si cheti cha kifo," Nereah alisema kwa mara nyingine, akalifunika daftari kwa kiwiko. "Mtoto hunyamaza akishiba."

"Huyu alikuwa ameshiba," Nasipwondi akamjibu. "Alishiba na bado akalia, mpaka majirani wakatuma mtu aje aulize kama tunamchinja."

Nasipwondi alikuwa ametoka Kianda, Kibera, kwa miguu asubuhi hiyo, na nyuma yake Nanyama, mke wa mwanawe, mtoto mgongoni, hadi chumba cha Nereah huko Gatina. Tangu Uhuru, vijana walikuwa wakiuliza kanisani babu zao walifia wapi. Kanisa likampa Nereah, kwa sababu ya diploma yake, kazi ya kukusanya majina ya waliokufa katika vita vya Wazungu.

Kazi yenyewe ilikuwa kama vita vingine. Kila familia ilileta shujaa. Hakuna aliyekufa kwa kuhara. Wote walianguka na bendera mkononi. Nereah alikuwa amemfuta mmoja aliyeangukia mtaroni Gilgil akiwa amelewa, na pia baba wa mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa mpishi wa jeshi na kufa kitandani kwake miaka mingi baada ya vita. Hakuogopa mtu. Bila karatasi ya jeshi au shahidi aliyeona maiti, hakuna kuingia.

Nasipwondi hakuwa na karatasi wala shahidi. Alikuwa na mjukuu. Mumewe, Khaemba, alipelekwa Burma mwana wao akiwa tumboni, asirudi tena. Nyumbani walizika shina la mgomba badala ya mwili wake. Sasa mjukuu amezaliwa, amelia usiku na mchana, wazee wameyaita majina ya wafu wa ukoo moja moja ili achague lake, na lilipotajwa la Khaemba, akanyamaza. Mtoto angekubali vipi jina la mtu aliye hai?

"Hilo ndilo swali la mama yangu," Nanyama akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Anasema mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mmoja wao hufa. Nisipomwambia leo kwamba nimeliona jina kwenye kitabu cha kanisa, anakuja kutuchukua, mimi na mtoto."

Nasipwondi akajaribu njia nyingine. Akaeleza jinsi Khaemba alivyokuwa: mrefu, mpenda chumvi, akilala anakoroma kama kinu cha posho. Nereah akasema, kwa sauti kubwa isiyohitajika katika chumba kidogo namna ile, kwamba kukoroma hakuandikwi. Akaongeza kwamba watu wengi walipotelea vitani na baadaye wakaonekana, na kwamba yeye haandiki uongo hata kwa ajili ya mtoto mchanga.

"Basi sawa, Mama Awiti." Nasipwondi akasimama, akaifunga leso yake upya. "Kama hajafa, yuko hai. Na kama yuko hai, ni mume wangu. Naleta ndugu zake wote kutoka Bungoma, tumtafute nyumba kwa nyumba, Sarang'ombe mpaka Kawangware. Tutaanzia hapa kwako, maana wewe ndiwe unayejua hajafa."

Nereah alimtazama, kisha akamtazama mtoto. Akachukua kalamu. Akasema kwamba, ukifikiria vizuri, mtoto mchanga hana sababu ya kudanganya. Akaandika: Khaemba, aliuawa vitani, Burma. Halafu, bila kuombwa, akaongeza neno "kishujaa".

Nanyama alilisoma jina mwenyewe, kidole juu ya kila herufi, akashusha pumzi. Nasipwondi alilia kidogo. Akamshika Nereah mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea Mungu amtunzie mumewe, Baba Awiti, asije naye akaujua ujane.

Nereah aliwasindikiza hadi barabarani, akawapungia mkono mpaka wakapotea. Alirudi chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akalivuta pazia lililokinga kitanda.

"Khaemba, toka huko chini," alisema. "Umeshakufa. Njoo unywe chai."