Mgonjwa wa Vellore

"Taratibu, mwanangu! Utaniua kabla daktari hajaniona!"

Khagen alimlaza mama yake kwenye kitanda cha chini, kisha akabaki ameinama, mkono ubavuni, akitafuta pumzi. Kutoka chooni mpaka pale ni hatua chache, lakini kumbeba mtu mzima ndani ya treni inayoyumba si mchezo. Walitoka Assam juzi, na Vellore bado ilikuwa mbali huko kusini.

"Poleni," alisema Appalaraju, bonge la mtu aliyepandia Visakhapatnam, mashavu yamejaa tambuu. Alikuwa anakwenda hekalu la Tirupati kunyoa nywele, kutimiza nadhiri. "Mama anaumwa nini?"

"Miguu. Kifua. Kichwa. Kila siku linazuka jipya."

Podumi, mama mtu, aliguna kwa uchungu kuthibitisha.

Maradhi yalimwangukia ghafla. Asubuhi alikuwa anatwanga mchele, jioni hawezi kusimama. Mama hakumtaka daktari wa mjini, alitaka wa hospitali ya Vellore tu. Hemanta, mwanawe mkubwa, mwanamume wa shoka, alijitolea kumpeleka. Mama akakataa katakata. "Khagen, au nizikeni hapa hapa." Basi Khagen akakubali shingo upande. Hospitali alikuwa hazipendi tangu baba yake aingie kwa miguu yake na kutoka amefunikwa shuka.

Chakula kilipopita, walinunua wali wa mayai. Khagen alikula matonge mawili, akafunika boksi.

"Kula," mama alisema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Usipokula nani atanibeba?"

Akajilazimisha tonge la tatu. Lilishuka kwa shida.

"Kuuguza ni kazi, kijana," Appalaraju alisema. "Mama, unammaliza mwanao!"

"Basi wewe mwenye huruma, mpishe hapo chini," Podumi alimjibu papo hapo. "Wewe panda juu. Nikizidiwa usiku, anisikie upesi."

Lo! Mtu na tumbo lake kupandishwa kitanda cha juu! Lakini mgonjwa akiomba utamwambiaje? Appalaraju alihamisha shuka lake huku akinung'unika.

Jioni treni iliingia juu ya mto Godavari. Abiria walisogea madirishani na sarafu mkononi, kila mtu na ombi lake.

"Zamani hapakuwa na daraja," Appalaraju alisema. "Babu alitusimulia. Treni inafika ukingoni, inaishia hapo. Mnashuka, mizigo kichwani, mnavuka kwa mashua, ng'ambo mnapanda treni nyingine. Na reli yenyewe ililazwa na watu wa njaa. Ukame umewakausha, wanabeba udongo kutwa, ujira wao nafaka ya kujaza viganja."

"Na wagonjwa?" Podumi aliuliza.

"Walibebwa mgongoni."

"Walifika?"

"Wengine walifika."

 Podumi alirusha sarafu yake mtoni, midomo ikicheza muda mrefu, mpaka daraja likaisha.

"Umeyaombea hayo magoti?" Appalaraju alimtania.

"Nimeombea la maana."

Mbele kidogo treni ilisimama katikati ya mashamba ya mpunga. Ikasimama, ikasimama, mpaka watu wakachoka hata kulaumu. Podumi alishika nondo za dirisha, machozi yakamtoka. Mama huyu aliyelalamika njia nzima, sasa alilia bila sauti.

"Wapi panauma, mama?"

"Tunachelewa. Naogopa tutachelewa."

"Tutafika tu." Khagen mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa amechoka mpaka kope zilimuuma, akilaza ubavu huu anageukia ule. Akipoteza mama baada ya baba, atarudi nyumbani kwa nani?

Asubuhi Appalaraju alishuka Renigunta, akawaombea heri. Baadaye wakashuka Katpadi, wakapanda bajaji mpaka hospitali. Uani walipewa kiti cha magurudumu. Khagen alimkalisha mama, akamfunika shali, akasukuma. Varanda haikwisha. Mara mbili alisimama, akaegemea ukuta, jasho likimtiririka.

"Jikaze, baba," mama alimwambia. "Bado kidogo tu."

Muuguzi aliwafungulia mlango, wakaingia mpaka mbele ya meza ya daktari.

"Mgonjwa ndiye huyu mama?" muuguzi aliuliza.

Podumi akatupa shali, akasimama wima bila kushikwa na mtu. Akamkamata Khagen mabega yote mawili, akamkalisha kitini.

"Mgonjwa ni huyu," alisema. "Funga mlango kwanza, dada."