Majembe Manne

"Baba! Baba!" mtoto alilia, akifukua matope kwa kucha.

Mvua ya Aprili 1968 ilikuwa imepiga Gesima siku tatu bila huruma, na asubuhi ile kilima kikaporomokea nyumba yao. Okeyo, mwenyekiti wa chama cha kujitolea cha wanafunzi, alikuwa njiani na wenzake watatu, majembe mabegani, kwenda kuzibua mitaro ya zahanati waliposikia kilio. Wote wanne walikuwa watu wa ziwani. Ilikuwa Jumamosi, wenzao Wakisii, Wasabato watupu, walikuwa kanisani pamoja na majirani.

Mtoto, wa miaka mitano hivi, hakujua Kiswahili. Okeyo naye, baada ya miaka miwili bwenini, hakujua Kikisii zaidi ya salamu, wala hakuona haja ya kujisumbua. Lakini neno "baba", nani asiyelielewa?

"Chimbeni! Baba yake yuko humu!"

Walichimba kama wendawazimu. Kila walipotoa matope, mengine yalirudi. Juu yao mawe madogo yalianza kubingirika, na Okeyo aliogopa. Alimwomba Mungu ampe mtu huyo mmoja tu.

"Mkono!" Obura alipiga kelele.

Wakamvuta mwanamume, macho yamefumbwa, mdomo umejaa udongo. Alikuwa anapumua. Obura aliangua kilio cha furaha.

Mtoto alimgusa shavu. "Tata," alinong'ona. Okeyo alidhani ndilo jina la yule bwana. Kisha mtoto akakimbilia upande wa jikoni, akaanza kufukua tena.

"Baba! Baba!"

"Maskini, akili imemruka," Obura alisema. "Tuondoke, kilima kinakuja!"

Watatu walimbeba mgonjwa. Okeyo alimnyakua mtoto, naye akamng'ata bega na kumpiga ngumi za kifua, akimwita baba mpaka sauti ikamkauka.

"Baba huyu hapa, mdogo wangu. Mwangalie, yuko hai."

Hawajafika barabarani, kilima kikashuka chote, kikafunika jiko na kila kitu. Wangechelewa dakika moja tu, wangekuwa chini yake.

Machogu, katibu wa chama, alikuja mbio kutoka kanisani, shati lake jeupe la Sabato limerukiwa na matope.

"Tumemwokoa baba yake," Okeyo alimwambia, machozi yakimtoka. "Lakini mtoto amekataa kunyamaza."

Machogu aliinama, akamsikiliza mtoto. Akamtazama mwanamume aliyelala kwenye nyasi, kisha akageuka kutazama kilima.

"Okeyo, huyu ni tata. Kwa lugha yetu, baba ni mama."