Mkeka wa Mize

Mikizi waliozingirwa walikuwa wakiuruka wavu mmoja mmoja. Nyuma ya wavu, Mize alikuwa ametandaza mkeka wake juu ya maji. Kila aliyeruka aliangukia hapo, naye akamtia kapuni. Asubuhi wanaume walikuwa wameucheka mkeka huo. Sasa kapu lilijaa, wavu wao karibu mtupu.

Shemeji yake Faki, mwenye wavu, akanyoosha mkono. "Lete kapu. Samaki ni wa wavu, ndiyo desturi. Wewe tutakupa kitoweo."

"Wavu wako wameuruka, Faki, na wewe unatazama."

"Lete, shemeji."

Mize akalimwaga kapu lote baharini. Akaukunja mkeka, akaubana kwapani, akasimama palepale. Mkizi mwingine akaruka, akampiga Faki begani, akaenda zake.