Mapumziko ya Bingwa

Nyundo ya kwanza ilimpata Bingwa begani, akacheka. Ya pili haikumpa nafasi ya kucheka.

Alianguka katikati ya karakana, kati ya kochi lililovuliwa kitambaa na mabunda ya sponji, akaudaka mguu wa mkewe. Mikono iliyozoea kubana usukani wa baiskeli kutwa nzima haiachii upesi. Mkewe, fundi wa makochi, alipiga tena, kwa mkono uleule unaopigilia misumari kila siku, mpaka vidole vikalegea.

Kisha akaketi sakafuni akalia kwa furaha. Hakuona haya hata kidogo.

Kila mwaka mbio zilipokwisha, Bingwa aliiacha timu yake nchi ya pili akaja kupumzika huku. Yalikuwa mapumziko ya miguu, si ya mikono. Alivunja sahani, akavunja mlango, akavunja meno mawili ya mkewe, na akiulizwa sababu alitaka kujua nani amemfundisha kuuliza. Fundi alivumilia. Alilelewa akiambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu, akangoja, miaka ikaenda, na mbivu hakuziona.

Jana yake binti yao, ambaye hata kusema hajaanza, alimwaga mafuta ya mnyororo kwenye zulia. Bingwa aliuzungusha mkono wa mtoto mpaka mfupa ukalia. Fundi alikimbia naye hospitali, akasema ameanguka kutoka kwenye kochi, kisha akamwacha kwa mama yake mdogo na plasta yake. Alirudi nyumbani na wazo moja tu: mtoto huyu abaki na mzazi mmoja, na mzazi huyo asiwe jela.

Kwa upande wa jela, Bingwa alikuwa amemsafishia njia kwa mikono yake mwenyewe. Kule nchi ya pili alikuwa na mke mwingine, wa pete na cheti, asiyejua kwamba huku kuna nyumba. Kwa hiyo Bingwa hakupita mpakani penye mihuri. Alivuka kwa baiskeli kwenye njia za panya, akaingia kwa mlango wa nyuma mvua ikinyesha, na safari hii hata jirani hakumwona.

Juzi tu fundi alimsikia, amejilaza chali kitandani, simu sikioni.

"Mama watoto, niko kambini huku milimani. Baridi ya huku, we acha tu! Mtandao ukikata usishtuke."

Akakata, akampigia mama yake mzazi.

"Shikamoo, mama. Bado niko ng'ambo. Nikipata nafasi nitakuja kukuona."

Kocha naye aliambiwa kwamba Bingwa yuko kwa mama yake, anamuuguza.

"Huchoki kudanganya?" fundi alimuuliza.

"Mwanamume akijulikana alipo, kwisha habari yake," Bingwa alisema, huku akiendelea kubofya simu.

Alikuwa na vituko vingine pia. Asubuhi hatoki nje mpaka jua lipande, na chooni haendi hata kibofu kikimuuma. Siku moja fundi alimtania kwamba anaatamia mayai, akapata kofi lililomziba sikio.

Nyuma ya karakana palikuwa na shimo la choo lililochimbwa likawa linangoja matofali. Fundi alimburuta kwa turubai, ile miguu iliyopigwa picha magazetini ikigonga kizingiti. Alikuwa mzito kuliko kochi la watu watatu. Baiskeli aliifungua kwa spana kipande kwa kipande, akaitupa juu yake, simu akaiponda, akafukia kwa udongo na kifusi. Damu aliisugua kwa petroli anayotolea gundi, kisha kwa sabuni, kisha tena kwa sabuni.

Alipokwisha kuoga alikaa akapiga hesabu, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata. Mke wa kule atamtafuta milimani. Mama mzazi atamngoja atoke ng'ambo. Kocha atakwenda kwa mama. Watashikana mashati wenyewe kwa wenyewe mpaka wachoke, na hakuna hata mmoja atakayegonga hapa. Uongo uliomtesa miaka yote sasa ulikuwa unamlinda, na fundi akajikuta anamshukuru mumewe kwa mara ya kwanza. Akalala fofofo.

Alfajiri mlango ulibishwa.

Alikuta mwanamke mwenye miwani na mwanamume aliyebeba sanduku dogo. Nadhifu, wapole, hawana sare. Si polisi. Fundi akashusha pumzi, akawakaribisha ndani.

"Samahani kukuamsha, dada," alisema mwanamke. "Tumemjia Bingwa."

"Hayupo. Hajakanyaga hapa tangu mwaka jana. Nani kawaambia yuko hapa?"

"Mwenyewe." Mwanamke alitabasamu. "Sisi ndio tunaowapima wanamichezo mkojo, kama wanatumia dawa za kuongeza nguvu. Tunakuja bila taarifa, tena mapema hivi, wakati wa mbio na wakati wa mapumziko. Kwa hiyo kila mmoja lazima atuambie kila usiku analala wapi. Asipokuwepo mara tatu kwa mwaka, anafungiwa kushindana."

Fundi aliegemea ukuta.

"Huyo ni muongo," alisema. "Muongo wa kutupwa. Kawadanganya na ninyi."

"Bingwa?" Mwanamume aliweka sanduku mezani, akavuta kiti, akaketi kungoja. "Miaka yote hii, dada, hajatudanganya hata siku moja."